Ndege anunuliwe mwisho

Swali: Daktari, habari. Naishi Kisumu, Manyatta, nyumba ya vyumba viwili yenye paa la mabati. Binti yangu wa miaka tisa anataka ndege anayeongea, na tangu Krismasi hanipi pumzi. Kuna kijana ameahidi kuniletea kasuku wa kijivu "wa kutoka Kakamega" kwa bei ya kutupa. Dada yangu anasema niachane naye, nichukue wale kasuku wadogo wa rangi rangi. Kuna mtu anauza wawili pamoja na tundu lao la mviringo. Napika kwa jiko la mkaa, gesi nikiwa nayo. Nyuma ya nyumba nina kuku wanane. Nichukue ndege gani, tundu gani, na nimlishe nini? Desemba tukienda nyumbani Siaya itakuwaje? Na ataongea kweli?

Jibu: Mama, nianze na huyo kijana, maana hapo hakuna mjadala. Kasuku wa kijivu usimnunue. Tangu Januari 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, kile cha viumbe ambao biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Hapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 hairuhusu mtu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali. Msitu wa Kakamega ni ukingo wa mashariki wa makazi ya kasuku hawa, makazi yanayoanzia Afrika Magharibi na kupitia Kongo na Uganda, na waliobaki kwetu ni wachache mno. Kijana akiwa anasema kweli, anakuuzia ndege wa wizi. Akiwa anadanganya, ndege ametoka kwingine kwa njia ile ile. Maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakibisha hodi, watamkuta na ndege ni wewe. Yeye atakuwa ameshabadilisha laini ya simu.

Hata sheria ingekuwa haipo, bado ningekukataza. Kasuku wa kijivu akitunzwa anaishi miaka arobaini, wengine sitini. Anahitaji kukaa na watu saa nyingi kila siku, na akiachwa peke yake huanza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kinabaki ngozi tupu. Binti yako atapata wajukuu na ndege bado anadai karanga.

Dada yako amepatia ndege, amekosea tundu, na huyo muuzaji wake amepindua mpangilio wote. Karibu kila anayekuja kwangu hapa Nakuru na ndege mgonjwa alianza kwa kumnunua ndege, kisha akatafuta pa kumweka, kisha akauliza anakula nini. Wewe anza na mahali, uje kwenye tundu, ununue chakula ukiweke kabatini, halafu ndio umlete ndege. Nitajibu kwa mpangilio huo, na nitakaa zaidi kwenye mahali, kwa sababu umetaja mkaa.

Pafu la ndege si kama letu. Sisi tunavuta hewa na kuitoa kwa njia hiyo hiyo, iliyotumika ikichanganyika na mpya. Ndege ana mifuko ya hewa mwilini inayoipitisha hewa kwenye mapafu kwa mwelekeo mmoja, hivyo mapafu hupata hewa mpya anapovuta na anapotoa. Ni mashine nzuri sana ya kurukia, lakini sumu yoyote iliyo hewani inamfikia upesi na kwa wingi kuliko inavyotufikia sisi. Ndiyo sababu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliteremka mgodini na kanari. Mwanasayansi John Scott Haldane alilipendekeza jambo hilo miaka ya 1890, na desturi ikadumu mpaka miaka ya 1980: ndege akiyumba kijitini, watu wanatoka mbio.

Sasa tazama nyumba ya vyumba viwili. Jiko la mkaa likiingizwa ndani jioni mvua ikinyesha, mlango ukafungwa, gesi ya kaboni monoksidi inajaa chumbani bila harufu. Ndege atakufa kabla wewe hujaanza kuumwa kichwa. Kusema kweli hilo ni onyo kwako na kwa binti pia, ndege au hakuna ndege. Kwa hiyo jiko libaki nje, na tundu likae chumba cha mbele, upande ulio mbali kabisa na unapopikia.

Ukitumia gesi, ziangalie sufuria na kikaango. Vile vyenye utando mweusi wa kuzuia chakula kushika, vikisahauliwa motoni vikiwa vikavu, utando hutoa mvuke ambao binadamu hata hausikii vizuri lakini unaua ndege ndani ya dakika chache. Pikia sufuria zako za kawaida za alumini na suala limekwisha. Dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza mende, ubani, manukato ya kopo, sigara, rangi mbichi ya ukutani: vyote hivyo visiwe chumba kimoja na ndege. Najua Kisumu bila kujikinga mbu ni kujitafutia malaria. Tumieni chandarua. Na tundu nalo livisheni neti usiku, kwa kuwa mbu husambaza ndui ya ndege, na kanari ndio huumia zaidi.

Joto ni jambo la pili la mahali. Sisi Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, na shida yetu ni baridi ya usiku wa Julai na upepo unaopita chini ya mlango. Nyinyi mko kwenye mita 1,130 hivi, chini ya bati, na saa nane mchana sebule inaweza kuwa tanuri. Ndege hatoi jasho. Ukimwona amefungua mdomo, anahema, mabawa ameyatenga na mwili, ameshazidiwa na joto. Asiwekwe kwenye dirisha linalopigwa jua la mchana, wala karibu sana na dari. Ukuta wa ndani, tundu likiwa usawa wa macho yako, upande mmoja ukiegemea ukuta ili ahisi ana mgongo, hapo panatosha. Jua la asubuhi nje, dakika ishirini au thelathini, lina faida kubwa. Lakini mtu awe hapo hapo, na nusu ya tundu iwe kivulini. Mwewe wa Kisumu wanaopokonya watoto nyama mkononi hawatashindwa kumrarua ndege kupitia nafasi za waya.

Kuhusu kuku wako wanane: tundu lisikae nyuma ya nyumba karibu nao. Ugonjwa wa kideri, ule unaomaliza kuku wa mtaa mzima kwa wiki moja, unaweza kuwapata na hawa ndege wa tundu. Kuku wachanjwe, na anayetoka bandani anawe mikono na kubadilisha ndara kabla ya kugusa tundu.

Tundu la mviringo sikubaliani nalo hata kidogo. Linavutia kwenye duka tu. Ndege huruka kwenda mbele, hapandi juu kama lifti, kwa hiyo anachohitaji ni urefu wa pembeni. Kwa ndege wadogo wawili tafuta tundu la mstatili lenye sentimita 75 kwenda upande na 45 kwenda ndani na juu. Likizidi hapo, vizuri zaidi. Nafasi kati ya waya na waya isipite sentimita 1.2, la sivyo kichwa kinapita na shingo inakwama. Vile vimilango vya kuteleza juu na chini vifungwe kwa kibanio cha nguo, maana ndege hujifunza kuviinua kwa mdomo, na kimlango kikimwangukia shingoni ni balaa.

Matundu ya dukani ya ukubwa huo ni ghali, na yana kawaida ya kuwa ghali kuliko ndege wenyewe. Mafundi wa jua kali wa Kisumu wanaweza kukutengenezea zuri kwa pesa pungufu, lakini kuna jambo moja ambalo fundi hatakuambia kwa sababu kwa kuku halina shida. Wavu wa kawaida umepakwa zinki ili usishike kutu. Ndege wa jamii ya kasuku hupanda waya kwa mdomo na kuutafuna siku nzima, na zinki ikimwingia mwilini kidogo kidogo humtia sumu: anadhoofika, anatapika, kinyesi kinakuwa maji, anatetemeka. Hasa wavu mpya, ule wenye matone na unga mweupe. Ukilazimika kuutumia, usugue wote kwa brashi ngumu na siki, usuuze kwa maji mengi, uanike juani, kisha urudie. Kama bajeti inaruhusu, mwambie fundi atumie waya wa chuma kisichoshika kutu, au tundu lote lipigwe rangi ya unga inayookwa, sio rangi ya brashi ya dukani. Palipounganishwa kwa risasi pasionekane kabisa.

Ndani, tupa vile vijiti vya plastiki vinavyokuja na tundu. Vyote vina unene mmoja, na mguu ukishika unene mmoja mwaka mzima unaota vidonda chini. Kata matawi ya mpera au mkaratusi ambayo hayajapuliziwa dawa, yawe na unene wa kupishana, kama kidole chako kidogo hadi kidole gumba, uyasugue kwa maji moto, uyakaushe. Yakishachakaa unakata mengine. Mipera haijawahi kuadimika upande huo. Usitumie tawi la mparachichi, wala la ule mti wa maua ya waridi unaopandwa kama ua, olianda, wala mnyaa wowote wenye utomvu. Vile vifuniko vya msasa ambavyo wauzaji husema vinapunguza kucha havipunguzi kucha, vinachubua nyayo. Kioo nacho sikipendi: ndege wa peke yake hukifanya mchumba, anakitapikia chakula mchana kutwa na hamjali mtu. Mpe gunzi la mahindi kavu alichambue, au vipande vya ukindu ambao haujatiwa rangi. Kamba ya mkonge ikianza kutoa nyuzi iondoe, kwani nyuzi huzunguka kidole cha mguu na kukikata damu.

Chini ya tundu tandika gazeti. Si mchanga wa ziwani, si maranda ya mbao. Gazeti unalibadilisha kila asubuhi, na unasoma kinyesi kabla ya kulitupa. Cha kawaida kina sehemu ya kijani au kahawia, nyeupe pembeni, na majimaji kidogo. Ukikijua cha kawaida, kisicho cha kawaida utakiona siku ile ile.

Chakula kwenu ni rahisi, tena ninawaonea wivu. Pale soko la Kibuye utapata wimbi, mtama na uwele, na hizo ndizo nafaka za ndege wadogo. Pakiti ya rangi rangi iliyotoka nje imejaa mara nyingi mbegu hizo hizo, zikiwa zimekaa baharini na ghalani miezi mingi. Changanya uwele na wimbi ziwe nyingi, mtama wa punje ndogo kiasi, alizeti kidogo sana kama zawadi. Alizeti ni mafuta; ndege anayelishwa alizeti ananenepa ini na kufa akiwa na umri mdogo huku mwenyewe akimsifu kwa afya. Pima mbegu kwa kuziotesha: loweka kijiko kimoja usiku, zichuje, zifunike kwa kitambaa kibichi. Zisipochipua karibu zote kwa siku mbili au tatu, zimekufa, na kilichomo ni wanga mtupu. Zikichipua, zisuuze vizuri na umpe hizo hizo siku hiyo, atazipenda.

Nafaka yenye harufu ya ukungu itupe bila huruma, na karanga au mahindi yaliyooza usimpe kiumbe yeyote. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi, aflatoksini, iliua watu 125 kule Makueni, Kitui na jirani zake. Ndege wa gramu thelathini na tano hahitaji mahindi mengi yafanye kazi hiyo.

Ndege mdogo hula kijiko cha chai kimoja na nusu hadi viwili cha mbegu kwa siku. Hapa kuna mtego unaoua ndege katika nyumba zenye nia njema kabisa. Wao humenya mbegu na kuacha ganda ndani ya kibakuli. Mtu anapita, anaona kibakuli kimejaa, anaendelea na shughuli zake. Kumbe ni maganda matupu na ndege ana njaa tangu jana. Kila asubuhi pulizia maganda, ongeza mbegu. Kazi hiyo mpe binti, lakini wewe ukague.

Mbegu peke yake hazitoshi. Upungufu mkubwa ninaouona ni wa vitamini A, na dalili zake ni pua kuziba, vidonda mdomoni na mafua yasiyoisha. Tiba iko sokoni: sukuma wiki, mchicha, majani ya kunde, karoti iliyoparwa, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyochemshwa bila chumvi. Mboga zioshe sana, kwa sababu nyingine zinafika sokoni na dawa ya wadudu bado iko kwenye jani. Siku za kwanza atakigomea kitu cha kijani kana kwamba ni nyoka. Banika jani kwenye waya karibu na kijiti chake anachopenda, uondoe jioni, urudishe kesho, na uendelee hata wiki kadhaa. Kwa kalisi, ganda la yai lililochemshwa dakika kumi, likakaushwa na kusagwa, linafaa sawa na lile gamba la ngisi linaloletwa kutoka Pwani. Yai la kuchemsha kipande kidogo mara moja kwa wiki.

Asile parachichi, hata kipande. Tunda hilo lina kitu kinachoitwa pasini ambacho huuharibu moyo wa ndege, na Kisumu parachichi liko kila meza. Chokoleti, kahawa, pombe, vitunguu na vitu vya chumvi navyo marufuku. Ugali mkavu kidogo hautamuua, ila haumfaidii kitu. Maji yawe yale mnayokunywa nyinyi, yaliyochemshwa au kutiwa dawa, yabadilishwe asubuhi na jioni, na chombo kisuguliwe mpaka ule utelezi uishe.

Sasa ndege mwenyewe. Hao wa dada yako inawezekana ni wa aina mbili tofauti ambazo wauzaji huzichanganya. Wa kwanza ni baji, jina refu bajerigari, asili yake Australia. Mwembamba, mkia mrefu, mistari myeusi kichwani na mgongoni, gramu thelathini hadi arobaini. Wa pili ni lavubadi, mnene, mkia mfupi, mdomo mkubwa, mara nyingi ana pete nyeupe kuzunguka jicho. Hao asili yao ni hapa Afrika, wale wa kawaida wakitoka Tanzania, na wale unaowaona wakipiga kelele kando ya Ziwa Naivasha ni vizazi vya waliotoroka matunduni na kuzaana wakachanganyika. Lavubadi ni mzuri, anaishi miaka kumi na zaidi, lakini anauma mpaka damu, ana kelele za kuudhi majirani wa ukuta mmoja, na akiwekwa pamoja na baji atamkata miguu. Kwa mtoto wa miaka tisa, sitaki. Kokatieli, yule mwenye kishungi, ni mpole kuliko wote, ila anataka tundu kubwa zaidi, anaishi miaka kumi na tano hadi ishirini, na anatoa unga mwingi wa manyoya ambao ndani ya vyumba viwili utauchoka. Kanari huimba vizuri, hasa dume, lakini si ndege wa kushikwa.

Baji ndiye jibu. Anaishi miaka mitano hadi kumi, kelele zake ni za kunong'ona, na anazoea kidole. Mpya awe na miezi miwili hadi minne: mistari ya kichwani bado inashuka hadi juu ya mdomo, na jicho ni jeusi tupu bila pete nyeupe. Dume mkubwa ana ngozi ya bluu pale penye pua juu ya mdomo. Ya jike ni ya kahawia au nyeupe-nyeupe. Kwa wale wa njano au weupe kabisa alama hiyo hudanganya, kwani dume wao hubaki na pua ya waridi. Chukua madume wawili. Hawapigani, na hutakuwa na mayai. Ikitokea umepewa dume na jike, usiwatundikie kasha la kutagia. Kwetu huku ikweta mchana hauna majira, ni saa kumi na mbili mwaka mzima, na jike mwenye kasha hutaga bila kupumzika mpaka kalisi inamwisha na yai linakwama ndani.

Mnunue kwa mfugaji anayezalisha mwenyewe, umtembelee nyumbani kwake, uone wazazi. Pete ya chuma isiyo na kiungo mguuni ni dalili nzuri: pete hiyo huvishwa kinda akiwa na siku chache tu, mguu ukikua haitoki wala haiingii, kwa hiyo ndege amezaliwa mikononi mwa mtu. Muulize karatasi zake, na ukiwa na shaka yoyote ofisi ya KWS iko hapo hapo Kisumu kwenye hifadhi ya Impala, kaulize kabla ya kulipa. Tazama ndege kwa mbali dakika kumi kabla ya kukaribia, sababu ndege mgonjwa akiona mtu hujikaza. Aliyevimbisha manyoya mchana, anayesinzia kwa miguu yote miwili, ambaye mkia unapanda na kushuka kila akipumua, au aliyechafuka chini ya mkia, mwache, na wale anaokaa nao uwaache pia.

Akifika nyumbani mpe siku tatu nne za utulivu. Usiku funika tundu kwa shuka jepesi, saa kumi hadi kumi na mbili za usingizi, televisheni ikiwa imepunguzwa. Ukiwa tayari una ndege na unaongeza mwingine, mgeni akae chumba tofauti siku thelathini.

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu. Mpime kila wiki. Ndege wa gramu 36 akishuka hadi 32 ni mgonjwa hata kama anakula mbele yako. Hapo mtie kwenye boksi lenye joto, chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa pembeni, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo. Usiende agroveti kununua paketi ya antibayotiki ya kuku. Vipimo vyake ni vya lita na lita kwa mamia ya kuku. Ndege wako hunywa matone, na akiugua hata hayo anayaacha. Daktari wa ndege wa tundu si rahisi kumpata. Anza na ofisi ya mifugo ya kaunti, na ukielekezwa mbali, Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro kina kitivo cha tiba ya wanyama.

Kuna ugonjwa mmoja wa ndege unaowaambukiza watu, homa ya kasuku, unaoletwa na bakteria Chlamydia psittaci kupitia vumbi la kinyesi kikavu. Kwa mtu unaanza na homa, kichwa kuuma, misuli kuuma na kikohozi kikavu, na Kisumu kila mtu atasema malaria. Kipimo cha malaria kikiwa safi na homa haishuki, mwambie daktari wa hospitali kwamba mna ndege nyumbani. Asipoambiwa hataulizia. Unatibika vizuri kwa doksisaiklini. Kwa ndege dawa hiyo huchukua siku 45, na hapo ndipo watu wengi hukatisha njiani. Kinga yake ni kulowesha gazeti kabla ya kulikunja, na kunawa mikono.

Desemba, basi. Ukienda Siaya siku mbili, jirani mwaminifu aje asubuhi na jioni. Mwonyeshe mwenyewe habari ya maganda. Ukienda wiki tatu, mpeleke ndege, kwenye boksi dogo lenye matundu ya hewa na kijiti kimoja cha chini, mapajani mwa binti, si juu ya carrier ya matatu. Kule bomani mtundike mbali na moshi wa jiko la kuni na mbali na kuku wa mama mkwe, ambao nadhani hawajachanjwa.

Na ataongea? Dume akianza mdogo, uwezekano upo. Baji mmoja wa California aliyeitwa Puck aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa maneno 1,728, mengi kuliko ya kasuku wakubwa wengi. Wako huenda akafika manne, na wengine hawasemi hata moja maisha yao yote, hilo mwambie binti kabla hamjalipa. Kwa kuwa wako wawili watapendelea kuzungumza wao kwa wao, amchukue mmoja pembeni, asubuhi na jioni, dakika kumi, neno moja fupi la kuchangamka lenye sauti za p, t na k, lile lile kila siku mpaka ndege alirudishe ndipo aongeze la pili. Kijaluo au Kiswahili, kwa ndege ni sawa. Sauti yenyewe itatoka haraka na ndogo, mtu anaweza kuishi nayo wiki nzima bila kugundua kwamba ndege ameshaanza kusema.